Vishawishi vya Rejareja

Kampala haina kishawishi cha bei ya kutisha. Rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, hakuna anayekopa ili aile. Data inauzwa ya siku moja, na asiyeimudu ya siku hununua ya saa. Sigara hutolewa mojamoja, waragi hupimwa kwa kikombe kidogo, na mkeka wa kubeti mechi za Jumamosi huanzia kwenye noti ya 1,000, ambayo dereva wa bodaboda huishika kabla chai ya asubuhi haijapoa. Sasa geukia upande wa pili. Ada ya shule inadaiwa mara tatu kwa mwaka, mihula inapofunguliwa Februari, Mei na Septemba, na mtoto asiye na risiti huishia getini. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mpigo ndipo akukabidhi ufunguo. Pikipiki, cherehani, bati za kuezekea, kiwanja cha futi 50 kwa 100 kule Wakiso: hivyo havikatwi vipande. Vishawishi vya mji huu vinauzwa rejareja, na mambo ya maana yanauzwa jumla.

Nalisema hili mapema kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu nidhamu huanzia mahali pengine kabisa. Huanzia moyoni. Mhubiri wa kwenye stendi ya teksi anapaza sauti kuhusu udhaifu wa mwili. Vitabu vya kujiendeleza vilivyotandazwa kando ya barabara vinasema mtu ni adui wa nafsi yake (vingi ni nakala za wizi, hivyo mtu ananunua uadilifu ulioibwa, lakini hayo tuyaache). Mjomba naye, kijana akiishiwa, humaliza kesi kwa neno moja: hana msimamo. Huenda ni kweli. Ila tazama pesa za watu wengi wa hapa zinavyoingia. Bodaboda hulipwa safari kwa safari. Mama wa nyanya pale Kalerwe hulipwa fungu kwa fungu, kinyozi kichwa kwa kichwa. Pesa zao huingia mfukoni zikiwa na ukubwa ule ule wa kishawishi, kama ufunguo uliochongwa kwa ajili ya kitasa chake. Hazijaingia hata siku moja zikiwa na ukubwa wa ada. Haba na haba hujaza kibaba, tumefundishwa. Kibaba nacho hukaushwa kwa njia hiyo hiyo.

Linganisha na mfanyakazi wa ofisini. Yeye hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kwa ajili ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwajiri anaongeza asilimia 10, na yote hayo yanafanyika kabla hajaona hata senti. Baada ya miaka ishirini tunamsifu kwa kujiwekea akiba. Nidhamu yake ilifanywa na mhasibu. Simlaumu, nami ningependa kuwa na mhasibu wa namna hiyo. Lakini anapomtazama bodaboda na kutikisa kichwa, ni vyema akumbuke kwamba yeye hajawahi kukutana na zile pesa zake uso kwa uso, saa kumi na mbili jioni, njaa ikiuma na njia ya kurudi nyumbani ikipita mbele ya vibanda vya nyama choma.

Serikali zenyewe zinaijua nguvu hii ya rejareja, hata kama hazisemi kwa lugha hii. Tanzania ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali kuanzia Machi 2017, na Uganda ilipofuata mwaka 2019 kwa kuondoa waragi wa vifuko vya plastiki, pombe yenyewe haikuguswa. Kilichoguswa ni kipimo. Kifuko kilitoshea kwenye soksi ya mwanafunzi na kwenye mfuko wa shati la dereva, na bei yake ilitoshea kwenye chenji. Chupa ni mzigo na ina bei ya kumfanya mtu ahesabu kwanza. Mlevi aliyekusudia hakuzuiwa na sheria ile. Aliyezuiwa kidogo ni yule aliyekuwa anapita tu.

Basi twende kwenye kubeti, maana hapo ndipo jambo hili linapojionyesha wazi kuliko kwingine kote.

Ingia katika duka la kubeti Wandegeya Jumamosi alasiri. Mgeni hutarajia kelele, hukuta kitu kama chumba cha mtihani. Karatasi za ratiba zimebandikwa ukutani toka kwenye usawa wa goti hadi juu ya kichwa, kalamu zimefungwa kwa uzi zisiondoke, na vijana wameinamia mbao nyembamba zilizopigiliwa kando ya ukuta kuwa meza. Wanaandika, wanafuta, wanaulizana kwa sauti ya chini kama kipa fulani amepona. Mwenye duka yuko nyuma ya wavu wa chuma. Kelele zitakuja baadaye, mpira ukianza. Kwa sasa ni kazi. Na ukisimama karibu nao kwa muda, utasikia jambo la kushangaza: bahati haitajwi sana. Linalotajwa ni matumizi. Huyu anatafuta tairi la nyuma. Yule anatafuta kodi, mwenye nyumba anarudi Jumatatu. Mwingine amepanga mechi zake hadi jumla ya malipo ikafika kiasi fulani kisichoishia kwenye sifuri nyingi, akaacha hapo hapo, na ukimwuliza kwa nini asiongeze moja, anasema hicho ndicho anachodaiwa shuleni.

Mchumi Sylvan Herskowitz alilichunguza jambo hili hapa hapa Kampala, akizungumza na wabetiji zaidi ya 1,700, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Aliyoyakuta yanamtetea kijana wa Wandegeya kuliko mjomba wake anavyomtetea. Kiasi ambacho watu walikitafuta kwenye mkeka kilihusiana na kitu walichotaka kununua. Wakishinda, pesa zilikwenda zaidi kwenye manunuzi makubwa. Na waliohitaji kiasi kikubwa kwa mkupuo huku hawana njia ya kukikusanya, ndio waliovutwa zaidi na tiketi. Kwa maneno mengine, duka la kubeti linajitangaza kama mashine ya kugeuza rejareja kuwa jumla. Unaingiza noti ya 1,000 upande huu, ada ya muhula inatoka upande ule. Kanisa linalokutaka upande mbegu ili uvune gari linauza mashine ya aina hiyo hiyo, na foleni zake pia ni ndefu.

Mashine hiyo ina kasoro, na inafaa kuikagua kwa hesabu, kwa sababu mawaidha yameshatolewa ya kutosha. Chukua mkeka wa mechi kumi, kila mechi ikiwa na uwezekano wa nusu kwa nusu. Uwezekano wa kumi zote kutiki ni mara moja katika 1,024. Kwa haki, noti ya 1,000 ingelipa 1,024,000. Lakini kampuni haikupi odi ya 2.00 kwa mechi ya nusu kwa nusu; tuseme inakupa 1.85. Tofauti hiyo ukiitazama kwenye mechi moja ni ndogo, haimuumizi mtu. Izidishe mara kumi. 1.85 ikijizidisha mara kumi inakuwa takriban 470, basi noti yako ya 1,000 inaahidiwa 470,000 mahali pa milioni na ushei. Zaidi ya nusu ya haki yako imeliwa, na imeliwa kidogokidogo, mechi baada ya mechi. Kampuni nayo inafanya biashara ya rejareja, ila inayajua mahesabu ya jumla.

Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inataka mbetiji awe na miaka 25. Ukitazama nyuso za Jumamosi, utajua sheria hiyo inaishi wapi. Januari 2019 waziri wa nchi David Bahati alitangaza kwamba Rais Museveni ameagiza leseni mpya zisitolewe na zilizopo zisihuishwe zikiisha muda wake. Maduka bado yapo. Na hata yangefungwa yote, simu ipo. Pesa za simu zilipoanza Uganda mwaka 2009, tulishangilia kwamba mtu sasa ana benki mfukoni. Hatukuwaza kwamba ile benki na lile duka la kubeti vingekuja kukaa kwenye kioo kimoja, vikitenganishwa na namba chache za siri ambazo vidole vinazijua vyenyewe.

Watu wa saikolojia wana hadithi yao maarufu kuhusu subira. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaweka watoto wadogo mbele ya peremende laini na kuwaambia: ukisubiri nirudi, utapata mbili. Waliosubiri, ikaja kusemwa, walifanya vizuri zaidi shuleni na maishani. Kwa miaka mingi hadithi hiyo ilitumika kama rungu la kuwapigia maskini: mnaona, hamkusubiri. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2018, wenye watoto wengi zaidi, ulionyesha kwamba ukizingatia hali ya nyumbani kwa mtoto, sehemu kubwa ya tofauti hiyo inayeyuka. Naye Celeste Kidd, mwaka 2013, alifanya jambo dogo la busara. Kabla ya jaribio, baadhi ya watoto walikutanishwa na mtu mzima aliyetimiza ahadi, wengine na aliyeahidi rangi nzuri za kuchorea akarudi mikono mitupu. Karibu wote waliodanganywa hawakusubiri peremende ya pili. Mtoto gani mwenye akili angesubiri?

Nalipenda zaidi jaribio la Kameruni. Bettina Lamm na wenzake waliwalinganisha watoto wa miaka minne wa Kinso na wa Kijerumani, Wanso wakiwekewa andazi la kwao. Karibu asilimia 70 ya Wanso walisubiri. Wajerumani ni kama asilimia 30. Wengi wa Wajerumani walihangaika, wakaimba, wakageuka kwenye kiti. Wanso walikaa tu, na baadhi yao walisinzia. Hakuna aliyeandika kitabu cha kuwafundisha Wajerumani msimamo.

Sasa rudi Kampala na umwulize mzee wa miaka sabini kwa nini hapendi kuweka pesa. Mei 1987 serikali ilibadilisha sarafu: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na juu yake pesa zikakatwa asilimia 30 wakati wa kubadilisha. Aliyekula pesa zake Aprili alishiba. Aliyejinyima akaziweka godoroni, subira yake ilivuta kodi. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1999, Benki ya Greenland ilifungwa Aprili na Benki ya Ushirika ikafungwa Mei. Mtu akiyapitia hayo mawili katika maisha mamoja, ukimwambia kwamba kesho huwatunza wenye subira atakutazama kama mtoto anavyomtazama yule aliyerudi bila rangi. Kusubiri ni sehemu ya moyo, sawa, lakini ni sehemu pia ya kumbukumbu, na kumbukumbu ya mji huu si nzuri.

Ndiyo maana watu wa Kampala waliamua zamani kuweka akiba katika vitu visivyolika. Panda kilima chochote kuelekea Kira au Matugga uone nyumba zilizofika kwenye madirisha zikasimama, muhogo umeota sebuleni. Mgeni husema hawa walishindwa. Hawakushindwa, wanaweka akiba. Pesa ikipatikana, inanunuliwa tripu moja ya matofali na kumwagwa kiwanjani siku hiyo hiyo, kabla ya jioni. Matofali hayabetiwi wala hayanyweki, na binamu akija na shida yake ya ghafla hayagawiki. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kozi tano, mwaka wa tatu hakuna kitu kwa sababu mama aliugua, wa nne lenta. Ni njia ghali. Mvua inayapasua matofali, majirani wanayachukua mawili mawili usiku, na thamani yake haizai riba. Mtaalamu wa fedha angelia. Lakini ukipiga hesabu ya pesa ambazo zingekwisha rejareja kama zingebaki kuwa pesa, hasara ya matofali inaanza kuonekana kama ada halali.

Asiye na kiwanja ana kisanduku. Kule Ndeeba, kwenye magenge ya mbao, mafundi hutengeneza visanduku vya akiba kutokana na vipande vinavyobaki vitanda vikishakatwa. Ni vya urefu wa kiganja na nusu, vina tundu jembamba juu la kupitisha noti iliyokunjwa mara mbili, na pande zote zimepigiliwa misumari. Niliwahi kumsikia mlinzi wa kampuni ya ulinzi akinunua kimoja. Alikuwa mtu wa kaskazini, Luganda ilimpiga chenga, kwa hiyo biashara ikafanyika kwa Kiswahili.

“Mzee, mlango wake uko wapi?”

“Afande, ukitaka mlango kanunue kabati.”

“Na siku nikihitaji pesa?”

“Unavunja. Nyumbani una nyundo?”

“Sina.”

“Basi umepata kisanduku kizuri.”

Ukikifikiria vizuri, kisanduku kile ni kitu dhaifu. Jiwe moja na dakika mbili, kwisha. Hakimzuii mtu aliyekusudia, kama vile chupa isivyomzuia mlevi aliyekusudia. Kinachotozwa ni kelele. Huwezi kukivunja kwa siri katika nyumba ya chumba kimoja: mke atauliza, jirani wa ukuta wa pili atasikia, na kesho utalazimika kununua kingine kwa fundi yule yule, ambaye atacheka. Pesa ya simu hutoka kimya. Katika uchunguzi ule wa Herskowitz, baadhi ya wabetiji waligawiwa kisanduku cha mbao cha namna hii, na hamu yao ya tiketi ikapungua. Hawakuhubiriwa. Walipewa tu njia nyingine ya kufikia kiasi kikubwa, ikawa mashine ya Wandegeya imepata mshindani wa misumari.

Hapa huwa natofautiana na wapenda kufuli kubwa. Mtu akishagundua kwamba moyo wake hauaminiki, hukimbilia upande wa pili: anataka pesa ifungiwe kwa minyororo hadi mwaka uishe. Uzoefu wa eneo letu hauungi mkono jambo hilo. Magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa watu wa vikundi vya akiba visanduku vya chuma kwa ajili ya matumizi ya afya. Wengine walibaki na ufunguo wao. Wengine ufunguo ulishikwa na maofisa wa mradi, wakaupata tu baada ya kufikia lengo. Waliobaki na ufunguo waliongeza sana walichotumia kwenye vitu vya kinga, kwa theluthi mbili au zaidi. Walionyang'anywa ufunguo, kisanduku hakikuwasaidia katika hilo. Sababu si ngumu kuiona: mtoto akipata homa usiku, pesa iliyofungiwa ni sawa na isiyokuwepo, na mtu anayelijua hilo hatii nyingi.

Huku kwetu Uganda, Dean Karlan na Leigh Linden walikuta jambo linalofanana na hilo katika shule za msingi za Busoga. Watoto walikuwa wakiweka akiba shuleni. Muhula ukiisha, baadhi yao walirudishiwa pesa taslimu mkononi, wengine walipewa vocha ya kununua vifaa vya shule tu. Walioahidiwa pesa taslimu waliweka zaidi. Na pale wazazi walipoelezwa na kushirikishwa, pesa hizo zilizolegezwa ziliishia kwenye madaftari, na hata alama za mitihani zikapanda. Fundo lililokazwa sana lilimfukuza mtoto. Lililolegea lilimweka karibu.

Waislamu wanaofunga Ramadhani katika mji huu ambao wengi wake hawafungi wanalijua jambo hili bila mchumi. Muuza chipsi wa Kampala ya Kale hazimi jiko lake kwa sababu msikiti mkubwa uko kilimani juu yake. Mafuta yananguruma toka adhuhuri. Lakini saumu ina mwisho kila jioni, ina ruhusa kwa mgonjwa na msafiri, na ina watu wengine maelfu wenye midomo mikavu kama wako.

Watu wengine, hilo ndilo nililokuwa nalizungukia. Kwenye vibaraza vya Katwe wahunzi wanauza sanduku la bati lenye vitasa vitatu. Ni sanduku la vikundi vya kuweka na kukopa, utaratibu ambao shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991 na ambao umeenea Uganda mpaka vijijini ambako benki haijawahi kutia mguu. Ulikuta watu hapa tayari wana nigiina na cash round zao, kama Watanzania walivyo na upatu na Wakenya chama. Sanduku liliongeza chuma. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kujaribiwa peke yake. Ili kishawishi kishinde lazima kiitishe mkutano.

Nimekaa pembeni ya mkutano wa namna hiyo, Jumapili baada ya ibada, wanawake wakiwa kwenye mikeka (ile ya kukalia) chini ya mwembe mmoja huko Kawempe. Mwenye kitabu anaita namba, mwanachama anasogea, anaweka pesa kwenye beseni la plastiki mbele ya macho ya wote, mhesabuji anahesabu kwa sauti, mhesabuji wa pili anarudia, ndipo muhuri unagongwa kwenye kijitabu. Hisa ni moja hadi tano, wala si zaidi, ili tajiri asilimeze kundi. Aliyechelewa analipa faini. Simu iliyolia inalipiwa faini. Mwisho wote wanatamka kwa pamoja jumla iliyobaki sandukuni, na mkutano ujao utaanza kwa kuwauliza wanakumbuka kiasi gani. Kazi inakwenda polepole na inachosha, na kama una haraka hutaipenda. Kule Wandegeya noti inapita wavuni kwa sekunde tatu. Hapa inachukua saa nzima kuwa akiba, ikiangaliwa na macho arobaini.

Sitaki kuwapamba. Kuna vikundi vilivyokimbiwa na mweka sanduku. Kuna watu wanaokopa kwenye kundi ili wakabeti. Na macho yale arobaini yana ukali wake: aliyekosa hisa wiki tatu mfululizo huanza kupita njia ya nyuma asikutane na mwenyekiti, na aibu haijawahi kumwongezea mtu kipato. Kundi linaweza kukubeba, linaweza pia kukunywesha. Wale vijana wa kwenye ubao wa Wandegeya nao ni kundi, tena lenye upendo.

Kundi lile la Kawempe nililiacha katikati ya ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa maana. Mwaka ulikuwa unaisha, sanduku limejaa, swali likawa livunjwe lini. Wengi walitaka Desemba. Krismasi ni kishawishi kimoja cha Kampala ambacho hakiuzwi rejareja: nauli za kwenda kijijini zinapanda, watoto wanataka nguo, mbuzi anahitajika, na anayefika kwao mikono mitupu atasimuliwa hadi Pasaka. Wachache walitaka sanduku livunjwe mwishoni mwa Januari, wiki moja kabla ya shule. Mwanachama mmoja Mwislamu alisimama upande wa Januari kwa raha zote, akisema yeye sikukuu yao haimhusu na ada inamhusu. Akajibiwa kwamba Idi ikifika wataona nani atapiga kelele. Wengine wakasema wagawane nusu Desemba, nusu Januari. Wakapiga kura, Desemba ikashinda.

Lakini mwenye ufunguo wa tatu, ambaye alikuwa amepiga kura ya Januari bila kusema neno, alikuwa ameshakata tiketi ya basi la Kabale, na akaondoka kabla ya siku iliyopangwa, ufunguo ukiwa kwenye pochi yake. Walipompigia simu kumwuliza, alisema hawasikii vizuri, mtandao wa kule milimani ni mbaya.